Dereva wa IT, Andika Ajali Kama Ilivyotokea

Kijana mmoja anayepeleka magari ya IT, yaani yale yanayopita nchini kwenda nje, kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ameniletea swali ambalo najua linawasumbua wengi wa kazi yake. Alikabidhiwa gari dogo lililotoka Japani, mwenyewe yuko Lubumbashi. Alipofika Morogoro akapakia watu watatu wanaokwenda Iringa na Makambako, kwa nauli waliyopatana. Kwenye kona za Kitonga akaligonga lori kwa nyuma. Shoo ya mbele ikaingia ndani, rejeta ikapasuka, boneti ikakunjika. Hakuna aliyekufa. Abiria wawili wakadandia basi wakaenda zao. Wa tatu, mama wa makamo, alikuwa akilalamika kifua, akachukuliwa na jamaa zake. Trafiki walipofika walimkuta kijana yuko peke yake, naye hakuwatajia abiria. Sasa wakala aliyempa kazi anamtaka ajaze fomu ya madai ya bima kwamba alikuwa peke yake tangu Dar, la sivyo kampuni haitalipa na gari la watu litakuwa juu yake. Ananiuliza: "Mzee, nifanye nini?"

Mwanangu, nakujibu kwanza, kisha nitaeleza. Andika kwamba ulikuwa na abiria watatu. Taja walipopanda, taja nauli, taja mama aliyeumia. Maelezo uliyotoa polisi yaliruka jambo hilo, kwa hiyo rudi kituoni uyakamilishe. Najua gharama ya ninachokuambia. Dai linaweza kukataliwa, kwa sababu bima ya gari la IT hukatwa kwa ajili ya kulivusha gari hadi mpakani, na kubeba watu kwa nauli ni matumizi mengine kabisa. Kazi nayo unaweza kuipoteza. Pamoja na hayo yote, andika.

Fikiri kwanza ni gari la namna gani ulilokabidhiwa. Gari lililosajiliwa lina mashahidi wengi. Lina kibao cha namba za usajili, lina kadi yenye jina la mwenyewe, limo kwenye kumbukumbu za usajili za Mamlaka ya Mapato, fundi wake analijua na majirani wanalijua. Gari la IT halina lolote katika hayo. Tanzania halijasajiliwa kwa kuwa linapita tu. Kongo halijasajiliwa kwa kuwa halijafika. Linatambulika kwa namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, kwa cheti lilichotoka nacho Japani, kwa hati ya meli na kwa hati ya forodha. Ushuru wa hapa halikulipiwa, kwa hiyo linasafiri chini ya dhamana, na aliyeweka dhamana hiyo ana deni kwa forodha mpaka ithibitike kwamba gari limevuka mpaka.

Kati ya Dar na Tunduma kuna zaidi ya kilomita 900: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Makambako, Mbeya. Kwa njia yote hiyo mwenye gari haoni kitu. Hajui kama uliendesha usiku, hajui kama ulilala, hajui nani alikaa kiti cha nyuma. Na hata ukifika Tunduma gari bado lina safari ndefu ndani ya Zambia, kupita Nakonde na Kapiri Mposhi hadi Kasumbalesa, ndipo liingie Kongo. Huenda mwenyewe ni mwalimu aliyedunduliza miaka mingi, au mfanyabiashara aliyekopa. Hakujui kwa sura. Amekubali mali yake ishikwe na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoishi, kwa sababu hana njia nyingine. Kwa hiyo gari lisilosajiliwa halina historia nyingine ila ile utakayoieleza wewe. Ukiieleza kwa uongo, hakuna kadi wala jirani wa kukusahihisha. Mtu akiaminiwa kwa kiasi hicho, neno lake linabeba mzigo mkubwa kuliko la dereva anayeendesha gari lake mwenyewe mtaani kwake.

Dini zetu zote zimetufundisha amana tangu utotoni, na sisi wa mwambao na bara tumelelewa tukijua kwamba mali ya mwenzio ukiishika huwi na ruhusa ya kuitumia utakavyo. Ulipopakia abiria wa Morogoro uliitumia amana kwa faida yako bila kumwuliza mwenyewe. Hilo limekwisha kutokea, na huwezi kulirudisha nyuma. Lakini kosa hilo la kwanza lina mpaka. Ukijaza fomu kwa uongo unaongeza la pili, na la pili unalitenda ukiwa umetulia, kalamu mkononi, bila kona ya mlima wala lori la kusingizia.

Tuje kwenye bima yenyewe, maana hapa watu wengi wanasema uongo bila hata kujua wanaufanyia nini. Ile tunayoiita bima ndogo hulipa madhara uliyowafanyia wengine: aliyegongwa, aliyeumia, mwenye lori, mwenye ukuta. Gari lako mwenyewe hailigusi. Bima kubwa ndiyo inayolipa pia hasara ya gari lenyewe, nayo ina masharti ya nani aendeshe na gari litumike kwa kazi gani. Magari ya IT mara nyingi hukatiwa ile ndogo ya safari. Inawezekana pia mwenye gari alikata bima ya mzigo huko alikolinunua, na hiyo ina mkataba wake. Kabla hujasema neno, omba uione hati. Stika ya bima unaweza kuihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ujue kama ni halali na ni ya aina gani. Isije ikawa wakala anakutaka uiuze heshima yako kwa ajili ya fidia ambayo haimo kabisa kwenye mkataba.

Kisha tazama upande wa pili. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayomlazimisha kila mwenye chombo barabarani kuwa na bima, ilitungwa kwa kumfikiria mtu wa pembeni ambaye hakuchagua kugongwa. Katika ajali yako watu wa namna hiyo wapo: mwenye lori, na yule mama. Ukiandika kwamba ulikuwa peke yako, umemfuta mama yule. Akienda hospitali na kifua kinamuuma, atasema aliumia kwenye gari gani? Akitaka PF3, fomu ya polisi ya matibabu, watafungua jalada la ajali na kukuta gari lilikuwa na mtu mmoja. Haki yake ya kudai, iwe kwa kampuni au kwako wewe binafsi, inaanza na kuandikwa kwamba alikuwemo. Huenda kampuni ikasema yeye hayumo kwenye masharti. Hilo litaamuliwa na wenye kuamua. Lakini wewe huna mamlaka ya kumwondoa garini baada ya kumpokea nauli yake.

Na usidhani uongo huo utakaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbavu iliyopasuka haijui kwamba mmekubaliana kunyamaza. Mgonjwa akizidiwa, ndugu watazungumza. Abiria wana simu, na siku hizi watu hupiga picha kabla ya kutoa msaada. Mtathmini atakayekuja kulikagua gari ataangalia mikanda ya viti vya nyuma, ataangalia viti vyenyewe, atauliza watu wa pale Kitonga waliokimbilia ajali. Maelezo ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai. Hayo nakuambia ili ujue njia unayoelekezwa ina nini mbele. Hata hivyo nisingependa uandike ukweli kwa kuogopa kukamatwa tu. Mtu anayesema kweli kwa hofu, siku hofu ikiondoka husema uongo.

Kuna msingi wa zamani katika biashara hii ambao kila mwenye kujaza fomu angefaa kuujua. Mwaka 1766, huko London, Jaji Lord Mansfield alitoa hukumu katika kesi ya Carter na Boehm. Carter alikuwa gavana wa Ngome ya Marlborough, kisiwani Sumatra. Aliikatia bima ngome yake dhidi ya kutekwa na adui kutoka Ulaya, na mwaka 1760 Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyeandika bima ile, alikataa kulipa akidai alifichwa udhaifu wa ngome. Mansfield alieleza kwamba bima hujengwa juu ya habari, na habari nyingi anazo yule anayekatiwa bima peke yake. Mtoa bima humwamini. Kwa hiyo asifiche analolijua. Akaongeza kwamba uaminifu huo unazifunga pande zote mbili, na ushindi ukabaki kwa Carter, kwa kuwa mambo aliyodaiwa kuyaficha mtoa bima aliyajua au angeweza kuyajua mwenyewe. Sheria zetu za bima katika Afrika Mashariki zimetokana na mapokeo hayo ya Kiingereza. Zinamtaka dereva aseme alijualo, na zinaizuia kampuni kujificha nyuma ya kisingizio.

Hilo la pili linanileta kwa kampuni za bima. Gari kutokuwa na namba ya usajili hakulifanyi liwe si kitu. Kampuni ilipopokea pesa ya bima ya safari ilijua linapita, ilijua halina kadi, na ikaandika namba ya chesisi kwenye hati. Siku ya hasara haiwezi kushangaa kwamba halina kadi. Dereva aliyekuwa peke yake, mwenye leseni ya daraja lake, aliyefuata njia yake na kupata ajali, anastahili kulipwa bila kuzungushwa kuanzia ofisi hii hadi ile mpaka achoke. Dai la haki likikataliwa kwa sababu isiyo ya haki, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini atakayefika mbele ya msuluhishi lazima awe na maelezo yasiyobadilika kutoka polisi hadi kwenye fomu. Aliyeongopa mahali pamoja amejinyang'anya nguvu ya kudai hata kile ambacho ni chake kweli.

Wengine husema kampuni zina pesa nyingi, haziumii. Kampuni haizalishi pesa hizo. Bima inafanana na chama cha kufa na kuzikana: kila mmoja anatoa kidogo, na aliyefikwa ndiye anayesaidiwa. Anayezusha msiba ili achukue mchango anawachukulia wanachama. Dai la uongo likilipwa, mwaka unaofuata bima inaweza kupanda kwa dereva wa bodaboda, kwa mwenye daladala, kwa madereva wa IT wenzako wote ambao hawakupakia mtu. Na wenye madai ya kweli huanza kuulizwa maswali ya mashaka, kwa sababu wewe na wenzako mmewafundisha wakaguzi kutomwamini dereva.

Kwa kuwa swali la kijana huyu lina ndugu zake wengi, niwaonye kwa mengine ninayosikia yakitendeka. Kuna kumbadilisha dereva: aliyeendesha hana leseni, anatafutwa mwenye leseni aje kusimama mbele ya trafiki. Anayekubali kusimama amejitia kwenye kesi ya mtu mwingine, na kama kuna aliyekufa amejitwika damu asiyoimwaga. Kuna kukata bima baada ya ajali, ajali ikaandikwa kwa tarehe ya kesho yake. Kuna kuongeza majeraha ya gari, mkwaruzo liliotoka nao Japani ukaingizwa kwenye hasara ya Kitonga. Na kuna lile baya la usiku wa ajali: gari limeharibika mbele, asubuhi redio haipo, betri haipo, tairi la akiba na jeki havipo, na fomu inasema waliopora ni wanakijiji. Wanakijiji waliokupa maji ukiwa umekaa kando ya barabara unawafanya wezi kwa kalamu! Yote haya yanatoka kwenye fikra moja, kwamba kitu kisicho na namba hakina mwenyewe. Mwenyewe yuko, anangoja simu.

Basi likikufika, shika utaratibu huu. Watu kwanza: toa waliomo, hesabu waliomo, mpeleke aliyeumia hospitali, chukua majina na simu zao ili wasipotee. Weka alama za tahadhari ili wanaokuja nyuma wasiongeze ajali. Waite polisi wapime na kuchora mchoro kabla gari halijasogezwa, isipokuwa kama kuliacha pale kunahatarisha watu. Piga picha gari lote, barabara, na namba ya chesisi. Mpigie wakala, na umtake akuunganishe na mwenye gari siku hiyo hiyo. Habari ya hasara isimfikie baada ya wiki mbili ikiwa imeshapambwa. Kampuni ya bima ijulishwe mapema ndani ya muda uliotajwa kwenye hati. Forodha nao wajulishwe, kwa sababu gari liko chini ya dhamana: lisiuzwe kama skrepu, lisichomolewe vipuri, lisifichwe gereji. Usilipeleke kwa fundi kabla mtathmini hajaliona. Usitie sahihi fomu tupu ili mwingine aijaze, na usitie sahihi maelezo ambayo hukuyasoma. Omba nakala ya kila karatasi.

Nawageukia mawakala. Ninyi ndio mnaoajiri, na ninyi ndio mnaojua kwa nini dereva anapakia abiria. Ujira wa kulifikisha gari Tunduma ukiwa mdogo, mafuta yakipimwa kwa kubana, na nauli ya kurudi Dar haimo, mnajua kijana atajaza viti. Mnanyamaza safari ikifika salama, kisha likitokea la kutokea mnataka abebe peke yake, na juu yake abebe uongo wenu. Lipeni ujira unaomwezesha mtu kuwa mwaminifu bila kulala njaa. Mwambieni wazi, kwa maandishi, kwamba abiria ni marufuku. Mkishindwa kufanya hivyo nanyi mna sehemu katika gari la Kitonga, na mtu mwenye haya angechangia matengenezo kabla ya kumfundisha kijana cha kuandika.

Nanyi abiria mnaosimama Kibaha, Msamvu, Ipogolo na Uyole kungoja IT kwa sababu inakimbia kuliko basi na nauli mnaelewana, jueni mnapanda gari ambalo halikukatiwa bima kwa ajili yenu. Likipata ajali mtaambiwa hamkuwemo.

Narudi kwako, mwanangu. Najua hukupakia watu kwa tamaa ya utajiri. Najua kuna kodi ya chumba na kuna mtoto wa shule. Umaskini unapunguza lawama ya kupakia, na anayekuhukumu bila kuuona hana huruma. Ila hauwezi kukupa ruhusa ya kumwondoa mama aliyeumia katika habari ya ajali, wala ya kumdanganya mtu wa Lubumbashi kuhusu mali yake. Yeye naye ana kodi na watoto.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Mtafute yule mama ujue hali yake, na kama anahitaji hospitali, msindikize wewe, ugharamie unachoweza. Nenda kituo cha polisi ueleze kwamba ulikuwa na abiria watatu na uombe maelezo yako yaongezwe. Kama una mtu wa sheria wa kukushauri, mwone kwanza, si ili akufundishe kuficha, ila ujue haki zako. Mpigie mwenye gari mwenyewe, kwa sauti yako, maana Kiswahili cha Lubumbashi na cha Dar vinaelewana vya kutosha kwa mtu kuomba radhi. Mwambie ulipakia, mwambie utaandika hivyo, mwambie bima inaweza isilipe, kisha mwambie utakachotoa kila mwezi hata kikiwa kidogo. Atakasirika. Ana haki ya kukasirika, nawe usimjibu kwa ukali.

Baada ya hapo ndipo ujaze fomu. Penye nafasi ya waliokuwemo garini, andika wanne, na utie sahihi yako. Siwezi kukuahidi kwamba utalipwa, wala kwamba utapewa gari jingine la kuendesha. Ninachojua ni kwamba polisi, kampuni, forodha na mwenye mali watasoma habari moja, mama ataweza kudai akiwa na karatasi inayomtambua, na deni litakalobaki juu yako litakuwa la gari tu. Deni la gari hulipwa likaisha. Anza na mama, leo hii.